Makala ndani ya nyumba: kwa nini mashini ya kidole ilisema 98 wakati mtoto analegea?

Katika milima ya Lubero, jimboni Kivu ya Kaskazini, baridi ya usiku haina mchezo. Mvua ikianza mchana na kuendelea hadi giza, kila mama anafanya kile ambacho mama yake alifanya: mbabula inaingizwa ndani, makala yamekolea vizuri, mlango na dirisha vinafungwa, watoto wanalala karibu na joto. Asubuhi wengi wanaamka salama. Wengine wanaamka na kichwa kinauma. Na kuna wale ambao hawaamki.

Miaka michache iliyopita, wakati wa sikukuu ya Noeli, nilikuwa mgeni kwa mjomba wangu katika milima hiyo. Watoto wanne walilala chumba kimoja na mbabula. Saa kumi na mbili asubuhi, shangazi aliwaita wakapige mswaki. Watatu walitoka wakiyumba kama watu waliokunywa, mmoja akatapika mlangoni. Wa nne, msichana wa miaka tisa, hakujibu. Tulimkuta analegea, macho nusu wazi, uso wake una rangi nzuri tu, si ya mgonjwa.

Kabla jua halijatoka, jirani mmoja alikuwa tayari ametaja karuho, ile sumu ambayo watu wa Kivu huitaja kila kifo kinapokosa maelezo. Tulimbeba mtoto hadi kituo cha afya. Muuguzi alimwekea kidoleni ile mashini ndogo ambayo wengi tuliizoea wakati wa Covid-19. Ikaonyesha 98. Tukaambiwa oksijeni ya mtoto ni nzuri, labda ni malaria, turudi nyumbani na dawa.

Mtoto alipona, kwa sababu njia nzima alikuwa katika hewa safi, na shangazi alikataa kumrudisha ndani. Lakini ile namba 98 sikuisahau. Kama oksijeni ilikuwa nzuri, mbona alikuwa anazimia?

Jibu nililipata baadaye kwa kusoma, na lilinipeleka mbali: kwenye molekuli moja yenye umbo la pete. Iko ndani ya damu yetu, binamu yake yuko ndani ya majani ya sombe, na leo wataalamu wa kemia wanaitumia kutengeneza pua za mashini zinazotambua gesi, sumu na hata samaki aliyeanza kuoza. Jina lake ni porfirini.

Pete yenye shimo katikati

Jina porfirini linatokana na neno la Kigiriki la rangi ya zambarau. Na kweli, ukiiweka porfirini safi ndani ya kichupa utaona zambarau au nyekundu iliyokolea.

Umbo lake si gumu kulielewa. Chukua vipete vidogo vinne, kila kimoja kina kona tano: kona nne ni atomi za kaboni, na ya tano ni azoti. Vipange vinne hivyo kwa duara, kama watu wanne waliokaa kuzunguka mbabula, kisha viunganishe kwa atomi nne za kaboni, moja kati ya kila jirani na jirani. Unapata pete kubwa bapa. Azoti zote nne zinaangalia ndani, na katikati linabaki shimo ambalo linatosha kabisa kushika atomi moja ya metali.

Weka chuma katika shimo hilo: umepata hemu, kitu kinachofanya damu iwe nyekundu. Ukitumia magnesi, na kubadilisha pete kidogo, unapata klorofili, kitu kinachofanya majani yawe ya kijani. Damu na majani ni watu wa ukoo mmoja.

Umbo hilo halikukubaliwa haraka. Mwaka wa 1912, mkemia Mjerumani William Küster alisema hemu ni pete kubwa ya namna hiyo. Wenzake hawakuamini, waliona pete kubwa hivyo haiwezi kusimama imara. Mjerumani mwingine, Hans Fischer, alikuwa kati ya wale waliokuwa na mashaka, lakini ndiye aliyemaliza ubishi: mwaka wa 1929 aliitengeneza hemini, ndugu wa hemu, kwa mikono yake katika maabara ya München, na umbo likawa lile lile la Küster. Mwaka uliofuata, 1930, alipewa tuzo ya Nobel ya kemia.

Mkono wa sita

Sasa turudi kwenye chuma kilichokaa katikati ya pete. Wakemia husema chuma hicho kina nafasi sita za kushika vitu. Tuseme ni mikono sita. Mikono minne imeshikwa na azoti nne za pete. Mkono wa tano, upande mmoja wa pete, unashika protini kubwa inayoitwa hemoglobini, ambayo ndiyo nyumba ya hemu. Mkono wa sita, upande wa pili, uko huru. Huo ndio unaofanya kazi.

Ukivuta pumzi, oksijeni inashikwa na mkono huo wa sita ndani ya mapafu. Damu inaibeba hadi kwenye ubongo, moyo na misuli, na pale mkono unaiachilia. Kila hemoglobini moja ina hemu nne, kwa hiyo inabeba molekuli nne za oksijeni kwa safari moja. Kazi yenyewe ni kama ya mwendesha chukudu anayepakia mzigo mlimani na kuushusha sokoni: akikataa kushusha, safari yake haina faida.

Taabu ni kwamba mkono huo wa sita hauoni jina la mgeni. Unaona umbo lake na tabia yake. Na kuna gesi moja inayofanana na oksijeni vya kutosha kuupoteza, tena inayoshikamana na chuma kwa nguvu zaidi: monoksidi ya kaboni, gesi inayotoka makala yanapowaka bila hewa ya kutosha. Haina rangi na haina harufu. Haikwaruzi koo kama moshi. Kwa hiyo makala yaliyokolea, yasiyotoa moshi hata kidogo, bado yanaitoa.

Hemoglobini inashika gesi hiyo kwa nguvu mara 200 hadi 250 kuliko inavyoshika oksijeni. Tufanye hesabu kwa kuchukua mara 210. Hewa ya kawaida ina sehemu 21 za oksijeni kwa kila 100. Ikiwa chumbani kuna monoksidi ya kaboni sehemu moja tu kwa 1000, yaani sehemu 0.1 kwa 100, zidisha kwa 210: unapata 21. Gesi hiyo kidogo sana inalingana kwa nguvu na oksijeni yote iliyo chumbani. Mtu akiivuta kwa muda mrefu wa kutosha, karibu nusu ya hemoglobini yake itakuwa imetekwa. Na hata ile nusu inayobaki na oksijeni inaibana kwa nguvu kuliko kawaida, haitaki kuishusha.

Mwanafiziolojia Mskoti John Scott Haldane aliyajua hayo kwa kujitia hatarini mwenyewe: mwishoni mwa karne ya 19 alivuta gesi hiyo akiwa anapima damu yake na kuandika namna anavyojisikia. Ndiye aliyeshauri wachimba migodi ya makaa ya mawe wa Uingereza washuke na panya au ndege wadogo. Ndege anapumua haraka kuliko mtu, kwa hiyo anaanguka kwanza na mtu anapata nafasi ya kutoka.

Kwa nini 98?

Porfirini haishiki gesi kwa siri. Inapomshika mgeni, inabadilisha rangi. Hiyo ndiyo tabia inayoifanya ipendwe na watengeneza vipimo. Elektroni za pete yake zinazunguka pete nzima kwa uhuru na kunyonya mwanga kwa nguvu sana. Mgeni akishika chuma cha katikati, mzunguko unabadilika kidogo, na rangi inayonyonywa inabadilika pia. Damu yenye oksijeni ni nyekundu ya kung'aa. Damu iliyokwisha kushusha oksijeni ni nyekundu ya giza.

Mashini ya kidole, oksimeta, inatumia tofauti hiyo. Iliwazwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1970 na mhandisi Takuo Aoyagi. Inapitisha mianga miwili kidoleni: mmoja mwekundu unaoonekana, mwingine wa infraredi usioonekana kwa macho. Damu yenye oksijeni na ile isiyo nayo hunyonya mianga hiyo kwa viwango tofauti. Mashini inalinganisha, inapiga hesabu na kutoa namba.

Lakini hapo ndipo mtego ulipo. Hemoglobini iliyoshika monoksidi ya kaboni nayo ni nyekundu ya kung'aa. Mbele ya ule mwanga mwekundu wa oksimeta, inafanana kabisa na damu yenye oksijeni. Mashini yenye mianga miwili tu haina namna ya kuzitofautisha. Inahesabu zote pamoja na kusema 98. Rangi ile ile ndiyo iliyofanya uso wa yule mtoto uonekane mzuri.

Kwa hiyo mashini haikuwa mbovu, na muuguzi hakusoma vibaya. Swali ndilo halikuwa sahihi. Mashini iliulizwa kama hemoglobini imeshika kitu chenye rangi nyekundu, na ilijibu ukweli. Haikuulizwa imeshika nini.

Kuna mashini nyingine kubwa zaidi, zinazopima tone la damu kwa mianga mingi, na hizo zinatambua tofauti. Lakini mahali zisipokuwepo, kipimo cha kwanza ni mdomo wa anayemleta mgonjwa. Sema kulikuwa na mbabula chumbani. Sema watu wangapi wamelala pale na wangapi wameumwa kichwa. Watu wanne wa chumba kimoja hawaanzi malaria saa ile ile. Dawa ya kwanza ni hewa safi, kisha oksijeni kwa barakoa. Katika hewa ya kawaida, damu huchukua saa nne hadi tano kupunguza gesi hiyo kwa nusu. Kwa oksijeni safi ya barakoa, muda unashuka hadi karibu dakika 80.

Hata kipimo cha zamani kinaonyesha kwamba wataalamu waliliona jambo hili mapema. Mjerumani Felix Hoppe-Seyler, yule yule aliyetoa jina hemoglobini mwaka wa 1864, alikuwa ameonyesha kabla ya hapo kwamba ukitia soda kali ndani ya damu ya kawaida, inageuka kahawia yenye ukijani. Damu iliyojaa monoksidi ya kaboni inabaki nyekundu. Hicho kilikuwa kipimo cha kemia kinachotumia porfirini, hata kabla mtu yeyote hajajua porfirini ina umbo gani.

Mazuku ni jambo jingine

Wakaaji wa Goma na Sake watauliza: je, hii ndiyo mazuku? Hapana, na tofauti hiyo inaweza kuokoa maisha. Mazuku ni dioksidi ya kaboni inayotoka ardhini katika eneo la volkano. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inakaa mabondeni na mashimoni, na inaua mbuzi, mbwa na watoto kabla ya mtu mzima aliyesimama. Chuma cha hemu hakiishiki gesi hiyo. Damu hubeba dioksidi ya kaboni kwa njia nyingine, na ile kidogo inayobebwa na hemoglobini inakaa kwenye protini, si kwenye chuma.

Wazee hupima shimo kwa moto: taa ikizimika, usiingie. Kwa mazuku kipimo hicho kina maana, kwa kuwa gesi ikijaa inafukuza oksijeni. Kwa mbabula, kipimo hicho ni cha kudanganya. Moto utaendelea kuwaka vizuri katika chumba ambacho hewa yake inatosha kumwua mtu. Anayesema chumba ni salama kwa sababu taa bado inawaka amechanganya gesi mbili.

Hapa tunagusa neno ambalo wakemia wanalipenda: utambuzi wa molekuli. Kila kipokezi kina wageni wake. Kujua nani anashika nini ndiyo nusu ya kazi ya kutengeneza kipimo.

Uzio wa kumlinda mgeni

Mtu anaweza kufikiri: basi toa hemu ndani ya damu, ipake kwenye karatasi, iuzwe kama kipimo. Haifanyi kazi hivyo. Hemu iliyoachwa peke yake ikikutana na oksijeni, hemu mbili zinabanana na oksijeni katikati, na chuma kinaingia kutu. Ndani ya damu, protini inaizunguka kama kuta za nyumba na kuzuia hilo. Protini hiyo inafanya kazi nyingine pia: inaisaidia oksijeni kushikwa, na kupunguza sana upendeleo wa chuma kwa monoksidi ya kaboni. Bila protini, upendeleo huo ungekuwa wa maelfu mengi badala ya mara 200. Na kwa kuwa miili yetu yenyewe hutengeneza monoksidi ya kaboni kidogo kila siku, tusingeweza kuishi.

Katika miaka ya 1970, James Collman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walijaribu kujenga nyumba hiyo bila protini. Walitengeneza porfirini ya chuma yenye nguzo nne zilizosimama upande mmoja wa pete, kama uzio wa miti kuzunguka shamba. Ndani ya uzio huo oksijeni iliingia, ikashikwa, ikatoka, na chuma hakikuingia kutu. Tangu hapo wakemia walijua kwamba wanaweza kuchonga mlango wa porfirini ili ukaribishe mgeni mmoja na kumzuia mwingine.

Pua yenye metali za kwetu

Hatua kubwa ilikuja mwaka wa 2000. Neal Rakow na Kenneth Suslick, wa Chuo Kikuu cha Illinois huko Urbana-Champaign, waliacha kutafuta kipimo kimoja kinachotambua gesi moja. Walipanga nukta kadhaa za porfirini kwenye kibao, kila nukta ikiwa na metali yake katikati: bati, kobalti, shaba, zinki, chuma, manganezi na nyingine. Msomaji wa Kongo hahitaji kuelezwa metali hizo. Kobalti na shaba ni za Katanga. Bati ndiyo inayotoka katika kasiteriti ya Kivu na Maniema.

Kila metali ina wageni inaowapenda. Zinki inavutwa na amini, gesi zenye harufu ya samaki anayeoza. Nyingine zinavutwa zaidi na gesi zenye salfa, zile zinazonuka kama yai bovu. Gesi ikipita, nukta kadhaa zinabadilika rangi, kila moja kwa kiasi chake. Unapiga picha kabla na baada kwa skana ya kawaida ya ofisi, kisha kompyuta inatoa picha moja ndani ya nyingine. Kinachobaki ni mchoro wa rangi, na kila harufu ina mchoro wake, kama alama ya kidole.

Ni namna pua yetu inavyofanya kazi pia. Hatuna kipokezi kimoja cha sambaza na kingine cha ndizi. Tuna vipokezi vingi, kila kimoja kinaitika kidogo, na ubongo unasoma mkusanyiko wote. Mama anayeuza sambaza ufukweni mwa Kivu anajua kwa pua samaki wa leo na samaki wa juzi. Pua ya nukta inafanya hivyo hivyo, ila inaweza pia kutambua gesi ambazo zingemwua mama huyo kabla hajazinusa.

Mwaka wa 2009 kundi hilo la Illinois lilionyesha kibao kilichoboreshwa, chenye rangi za aina nyingine pamoja na porfirini, ambacho kilitofautisha gesi 19 za sumu za viwandani ndani ya dakika mbili, zikiwa katika kiwango cha kuhatarisha maisha.

Mjini Roma, katika Chuo Kikuu cha Tor Vergata, Corrado Di Natale, Roberto Paolesse na wenzao walipita njia nyingine. Hawakuangalia rangi, walipima uzito. Walipaka porfirini juu ya vipande vidogo vya kwatzi vinavyotetemeka kwa umeme. Gesi ikishikwa na porfirini, kipande kinakuwa kizito kidogo na mtetemo wake unapungua. Mwaka wa 2003 walichapisha jaribio la kutambua kansa ya mapafu kwa pumzi ya wagonjwa. Lilikuwa jaribio kwa watu wachache, na hadi leo kazi ya namna hiyo bado ni ya uchunguzi, si kipimo cha kila hospitali.

Na kuna porfirini zenye platini katikati. Hizo zinawaka mwanga mwekundu zikipigwa na mwanga mwingine, lakini oksijeni ikizigusa zinafifia. Oksijeni ikiwa nyingi, mwanga ni kidogo. Ikipungua, mwanga unaongezeka. Wahandisi wa ndege wanazipaka kama rangi juu ya mifano ya ndege ili waone mgandamizo wa hewa unavyotofautiana. Vipimo vingine vinavyoshushwa majini kupima oksijeni hutumia kanuni hiyo hiyo. Kwa ziwa kama Kivu, ambalo chini ya mita 60 hivi halina oksijeni na kilindini limeficha metani na dioksidi ya kaboni nyingi, kujua oksijeni inaishia wapi ni jambo la maisha ya samaki na ya watu.

Sumu ya muhogo inatafuta chuma kile kile

Kuna mgeni mwingine wa pete hiyo ambaye Wakongomani wanamjua kwa athari zake: sianidi. Muhogo mchungu una kemikali ambayo, mizizi ikikatwa au kutwangwa, inatoa sianidi. Ndani ya seli zetu, sianidi inashika hemu iliyo kwenye kimeng'enya cha mwisho cha kupumua, na seli inakosa namna ya kutumia oksijeni hata kama damu imeileta. Kwa watu wanaokula muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri kwa majuma mengi, bila protini ya kutosha, kunakuja konzo: miguu inapooza ghafla na haiponi. Ugonjwa huo uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1938 na daktari Mwitaliano Giovanni Trolli, kutokana na wagonjwa wa Kwango. Umeonekana pia Kivu ya Kusini.

Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa miligramu 10 za sianidi kwa kilo moja ya unga wa muhogo. Unaupimaje kijijini? Howard Bradbury, wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, alitengeneza karatasi ya njano inayogeuka kahawia penye sianidi. Huko Zürich, Uswisi, Felix Zelder alitumia binamu wa porfirini, pete yenye kobalti inayotokana na vitamini B12. Sianidi ikishikwa na kobalti hiyo, rangi ya machungwa inageuka zambarau mbele ya macho yako, na muhogo ni moja ya vitu alivyovipima.

Kobalti inaipenda sianidi kiasi kwamba aina moja ya vitamini B12 hutumika hospitalini kama dawa ya kuokoa mtu aliyetiwa sumu hiyo. Kutambua na kuponya vinatumia mkono mmoja. Huko Kyoto, Japani, Hiroaki Kitagishi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Doshisha wamelifikisha wazo hilo mbali zaidi: porfirini ya chuma iliyofunikwa na vikombe viwili vya sukari maalum. Chuma kikiwa katika hali moja kinanyakua monoksidi ya kaboni. Katika hali nyingine kinanyakua sianidi. Mwaka wa 2023 walichapisha kwamba mchanganyiko wa aina hizo mbili uliokoa panya waliovuta gesi zote mbili, kama inavyotokea nyumba inapoungua. Kwa watu bado haijawa dawa.

Kati ya maabara na mbabula

Ni lazima kusema ukweli. Kengele za nyumbani za monoksidi ya kaboni zinazouzwa ulimwenguni, kwa sehemu kubwa hazitumii porfirini. Zinatumia betri ndogo ya kemikali ambayo umeme wake unabadilika gesi ikiingia. Pua za nukta nazo zina maadui: unyevu wa hewa, vumbi, jua linalofifisha rangi. Kipimo kinachofanya kazi vizuri katika chumba cha maabara kinaweza kuchanganyikiwa katika jiko la Butembo wakati wa mvua.

Hata hivyo, njia ya rangi ina jambo ambalo sisi tunalihitaji. Rangi haiombi umeme wa kila saa. Inaweza kuchapwa kwenye karatasi. Inasomwa kwa macho au kwa foto ya simu, na simu ziko hata mahali ambapo barabara hazifiki. Vyuo vikuu vyetu vina vijana waliosoma kemia, na metali nyingi zinazokaa katikati ya pete hizo zinatoka katika ardhi yetu, zinapita mpakani kwa magunia na kurudi, kama zinarudi, zikiwa ndani ya mashini tunazonunua kwa dola.

Kabla siku hiyo haijafika, ujuzi wenyewe tayari ni kipimo. Mbabula iwake nje, na iingie ndani kupika tu mlango ukiwa wazi. Isilale chumba kimoja na watu, hata makala yakiwa yamefunikwa majivu, kwa kuwa majivu yanaficha moto lakini hayaizuii gesi. Watu wawili wa nyumba moja wakiamka na kichwa kinauma, toka nje kwanza, kuuliza sababu kutafuata. Unga wa muhogo mchungu ulioshukiwa uloweshwe kwa maji, utandazwe mwembamba kwa saa mbili juani au saa tano kivulini kabla ya kupika bugali. Sianidi inaondoka na hewa. Njia hiyo, iliyotolewa na Bradbury, imekwisha kutumika kupiga vita konzo huko Popokabaka.

Na kwa wauguzi wa vituo vyetu, ambao mara nyingi wako peke yao usiku na mashini moja ya kidole: 98 si jibu kama mtoto analegea. Uliza kuhusu mbabula.

Nilirudi kwa mjomba mwaka jana. Mvua ilinyesha, baridi ikawa ile ile. Shangazi alipika, kisha akaibeba mbabula mwenyewe hadi nje, akaiacha chini ya paa la jikoni. Watoto walipewa blanketi la pili. Yule msichana ambaye sasa ni mkubwa alilalamika kwamba kuna baridi. Shangazi hakumjibu. Alikwenda kufungua dirisha kidogo zaidi.